Sijakamatwa, nimepigwa faini tu

Hamburg, Jumapili 23 Novemba 2025

Baba shikamoo, mama shikamoo, na nyie wengine wote habari za Songea. Mimi mzima kabisa, na naanza na hilo kwa makusudi maana nimesikia shangazi ameshapita nyumba kwa nyumba hapo Mfaranyaki anasema nimekamatwa na polisi ndani ya treni Berlin. Sijakamatwa. Polisi sijawaona hata kofia. Nimepigwa faini ya tiketi, euro 60, basi, na huyo aliyempelekea shangazi habari nusunusu namjua, nilimwambia kwa siri na emoji ya kulia nikaweka, sasa hiyo ni kesi yangu na yeye.

Na ndo maana ile hela ya mbolea ilifika pungufu. Mama uliponiuliza kwenye simu nikakwambia makato ya benki, nisamehe mama yangu, makato ya benki hayafiki laki na sabini. Niliona aibu. Mtu mzima, miaka minne Ujerumani, nawahudumia wazee wa watu siku nzima na dawa zao kwa saa na dakika, halafu nashindwa kutumia tiketi ya treni, hiyo unaanzaje kuisema.

Baba najua utataka nianze mwanzo, haya.

Pasipoti inaisha mwakani na ubalozi wetu uko Berlin, kwa hiyo mwezi wa kumi ilibidi niende mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Reli ya Hamburg na Berlin imefungwa tangu Agosti, wanaifumua wanaitengeneza upya mpaka mwakani, treni zinazungukia mbali, nikaona bora basi, bei chee. Ubalozini nilimaliza mapema kuliko nilivyotegemea, saa sita na nusu niko huru na basi la kurudi ni saa moja usiku. Nikasema hapa ndo pa kwenda kumpigia baba ile picha.

Si unakumbuka nilikwambia mwaka jana Agosti walibadilisha jina la Petersallee, mtaa uliopewa jina la yule yule Carl Peters mnayemfundisha shuleni, Mkono wa Damu, wakaukata vipande viwili na kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Uko Wedding, sehemu mojawapo ya Berlin, kule kwenye mitaa yenye majina ya kwetu, kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße, unatembea unajiona kama uko kwenye atlasi ya darasa la tano. Na wewe tangu Rais wao Steinmeier alipokuja hapo makumbusho ya Majimaji Novemba 2023 akaomba radhi, kila simu ni "sawa ameomba, na huko kwao wameandika wapi?" Nikasema leo nampelekea mzee jibu.

Nikashuka stesheni ya chini ya ardhi, mashine ipo, nikanunua tiketi ya karatasi euro 3.80 nikalipa kwa kadi, treni ikaingia hapohapo nikapanda. Kosa langu lote liko kwenye hiyo sentensi na nyie hamjaliona, na mimi sikuliona.

Hamburg ukinunua tiketi kwenye mashine inatoka imeshaandikwa kila kitu, inaanza kazi palepale, unapanda unakwenda zako. Mimi mji nilioujua Ujerumani ni huo. Kumbe Berlin ile karatasi inatoka ikiwa haina uhai bado. Kuna kijisanduku kimesimama pale mnaposubiria treni, kifupi hivi, unaingiza ncha ya tiketi kinaigonga muhuri wa saa na tarehe, na kuanzia hapo una saa mbili za kusafiri kwa kuelekea upande mmoja. Bila muhuri huna tiketi, una karatasi uliyoinunua. Nilikipita kile kisanduku karibu kabisa, begi langu lilikigusa, nikadhani ni cha taka.

Na geti hakuna. Hili mama huwa unanibishia lakini ndo ukweli, stesheni za huku hazina geti, unaingia kama unavyoingia sokoni na hakuna anayekuuliza. Baba ulivyopanda SGR kwenda Dodoma ufuatilie pensheni, bila tiketi ungefika kwenye treni? Unakaguliwa kabla hujaiona. Huku wanakuachia uingie mwenyewe, ukae, utulie, halafu ndo wanakuja.

Na wanakuja kama raia. Vituo viwili mbele, mlango umefunga tu, vijana wawili waliokuwa wamesimama na begi mgongoni kama wanafunzi wakachomoa vitambulisho vya shingoni, "tiketi tafadhali". Mimi nikawa wa kwanza kutoa, yani nilitabasamu kabisa, nina amani. Mkubwa wao akaipokea. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Halafu akaweka ukucha wa dole gumba pale mwishoni penye weupe akanishikia mbele ya macho kama mwalimu anayekuonyesha hesabu uliyokosea.

"Haijagongwa."

Nikamwambia nimeinunua sasa hivi. "Haijagongwa." Nikamwambia mimi natoka Hamburg na kule hatugongi, Kijerumani changu siku hizi si haba mnajua, nikaeleza vizuri tu na samahani nikaweka. Akasema wote wanasema hivyo. Nikafungua simu nikamwonyesha benki, hela imetoka saa saba na dakika nne na pale ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili, dakika nane baba, hata mwizi hawezi kuwa na mpango wa dakika nane. Hakutazama ile simu. Akasema "hiyo siyo tiketi". Nikamwambia basi kituo kinachofuata nishuke nigonge mbele yako, akasema umeshapanda.

Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu na kitoroli chake cha sokoni akamwambia lakini si amelipa jamani. Yule bwana bila kugeuka akamjibu mama wewe sijakuuliza. Bibi akanyamaza akaangalia dirishani, na huko chini dirishani hakuna cha kuangalia, ni giza. Behewa zima likawa linaangalia giza.

Hapo ndo niliwakumbuka makonda wa kwetu. Konda ana mdomo mchafu, atakupigia kelele, atakukunjia hela ya chenji, lakini ukikwama unamwambia konda nilisahau pochi na watu wanaingilia, yule anasema mwache dada wa watu, mwingine anasema mwongo huyo jana pia alisahau, mnabishana mpaka Mletele na mwisho kitu kinaeleweka. Huku hakuna kubishana na mtu kwa sababu hakuna mtu, kuna kimashine mkononi mwake na yeye yupo kukishikia kile kimashine. Hakuwa mkali hata. Angenifokea ningejua la kufanya.

Akataka kitambulisho, nikampa kadi ya ukaazi, akaandika majina yangu matatu herufi moja moja, akauliza la ukoo ni lipi kati ya haya, kikatoka kikaratasi kirefu kama risiti ya EFD, euro 60, lipa ndani ya wiki mbili. Halafu sikilizeni, akaniambia hii karatasi ya faini ndo tiketi yako ya kumalizia safari, na ile tiketi yangu akanirudishia. Akasema hii bado nzima, haijatumika, unaweza kuitumia siku nyingine. Kwa upole kabisa, kama ananisaidia.

Wala hawaiti faini. Kwenye karatasi jina lake ni kama "nauli iliyoongezwa", na iliongezwa haswa, kutoka 3.80 mpaka 60. Zamani ilikuwa 40, wakapandisha 2015. Na kama una tiketi ya mwezi yenye jina lako ukaisahau nyumbani, unaipeleka ofisini kwao baadaye unalipa euro 7 yameisha. Sisi tuliolipa ila hatukugonga hatuna kipengele.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo tiketi ya mwezi nilikuwa nayo! Ile ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, sasa ni 58 na Januari inapanda 63, unapanda nayo basi na treni zote za mjini na za mikoani Ujerumani nzima isipokuwa zile za mwendo mrefu. Nikaikata Septemba kabla ya tarehe 10 kama wanavyotaka, kwa sababu nimehamia karibu na kazi na naenda kwa baiskeli, nikasema euro 58 kila mwezi za nini, bora ziende nyumbani. Nimebana matumizi ya 58 nikapigwa 60. Kaka usicheke.

Nilikata rufaa msifikiri nilikaa tu. Siku hiyohiyo nilipita dirisha lao la huduma kwa wateja, foleni dakika arobaini, yule dada akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema sisi hapa tunapokea malipo tu, malalamiko andika. Nikaandika, ukurasa mzima, nikaambatanisha picha ya tiketi na ya benki. Wiki tatu kimya. Jibu lililokuja ni lile ambalo wanalo tayari wanabadilisha jina tu, kwamba abiria ana wajibu wa kugonga tiketi kabla ya safari na kutokujua siyo sababu. Neno Hamburg halimo. Dakika nane hazimo. Nikalipa, maana ukichelewesha wanaongeza gharama za ukumbusho, halafu deni wanawapa wadai madeni, na mimi kibali changu cha kuishi nakwenda kukiongeza mwakani, sitaki jina langu lizunguke kwenye mafaili ya watu kwa ajili ya muhuri.

Mama, hilo la jela aliloongeza shangazi hajalitunga lote, ndo maana nataka ulisikie kwangu. Ni kweli Ujerumani kupanda bila tiketi kwa makusudi ni jinai, sheria ya tangu 1935, na masikini wanaokamatwa mara nyingi wanapelekwa mahakamani wanatozwa, wakishindwa kulipa wanafungwa. Kuna mpaka mfuko wa michango unaitwa Freiheitsfonds, tangu 2021, kazi yake kuwalipia hao watu watoke. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa dereva wa treni miaka thelathini, yeye ndo kanieleza, na kila akifika hapo anatikisa kichwa. Lakini hao ni wa kurudia rudia na kushindwa kulipa. Mimi nimelipa, nina risiti, imeisha, lala usingizi.

Huyohuyo mzee ndo kanambia kupanda bila tiketi kwa lugha yao ya kila siku ni schwarzfahren, ukitafsiri neno kwa neno ni kusafiri kweusi. Akaona aibu kulisema mbele yangu, nikamwambia babu sema tu. Kampuni kadhaa za usafiri zililiacha hilo neno 2021. Na kwa sababu najua mtauliza, hapana, sidhani ni rangi, alikagua wote na nyuma yangu kuna kijana wa Kijerumani alipigwa vilevile. Ila ile "wote wanasema hivyo" sijui kama angeisema kwa kila mtu. Sijui, nimelala nalo siku nyingi.

Mdogo wangu wa mwisho, wewe unayemaliza kozi ya lugha unasema Mei unakuja, usisome hii barua unacheka tu. Ukifika mji wowote cha kwanza muulize mtu "hapa tiketi inagongwa au haigongwi", kabla hata ya kuulizia chakula. Ukinunua kwenye simu inunue kabla hujakanyaga ndani, na chaji usiicheze. Na ukikamatwa usilie na usitoe hela mkononi, toa kitambulisho, chukua karatasi, andika saa na kituo, ugomvi utafanya kwa maandishi. Nami niko huku utanipigia, sio umpigie binamu.

Hela iliyobaki ya mbolea natuma mshahara wa mwezi huu ukiingia, mifuko miwili ya kupandia iliyopungua naomba kaka akope kwa jirani kwanza maana mvua haitanisubiri mimi.

Baba picha nilipiga. Nilifika pale kama saa nane, mtaa umetulia, miti, magari yameegeshwa, mama mmoja anasukuma mtoto. Nguzo ya kibao ni nyembamba na herufi ni nyeusi kwenye weupe, MAJI-MAJI-ALLEE. Nilikaa chini yake nikala mkate wangu, nikaisoma ile karatasi ya faini mara ya tatu. Picha ipo kwenye simu ya kaka, mwambie aikuze uone vizuri, kile kitu kirefu cheupe nilichoshika mkononi ndo yenyewe.

Na tiketi ninayo, iko ndani ya misale yangu kama alama ya ukurasa. Ubalozi wakisema pasipoti iko tayari nitakwenda kuichukua Desemba, na kile kisanduku sasa nakijua kilipo.

Binti yenu