Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: kipimo cha kuganda kwa damu (INR) kitarudi lini?

Ndugu Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu ya mkoa,

Salamu. Naandika hadharani kwa sababu barua niliyoleta ofisini kwako naambiwa bado "inafanyiwa kazi".

Mke wangu ana valvu ya chuma kwenye moyo. Ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na homa ya rumatiki. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, atainywa maisha yake yote. Wewe ni daktari, sina la kukufundisha: damu ikiwa nzito, valvu inaganda na kiharusi kinafuata, ikiwa nyepesi mno, anavuja. INR yake, namba inayopanda damu ikiwa nyepesi, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5, na bila kipimo hakuna anayeweza kuijua, hata wewe.

Juzijuzi jino lilimuuma. Zahanati wakampa Flagyl na diklofenaki, hawakuuliza anatumia dawa gani nyingine. Fizi zikaanza kutoa damu, pua ikafuata, na alfajiri moja mkojo ukatoka mwekundu. Tukakimbilia kwako. Dirishani maabara ipo karatasi ileile: "Kipimo cha INR hakuna kwa sasa." Imeshapauka kwa jua. Tukapanda basi kwenda Dar es Salaam, kanga puani njia nzima. INR ilikuwa 8! Wakamchoma vitamini K ya kusaidia damu igande, hiyohiyo mnayowachoma watoto wachanga wodini kwako, wakatueleza kuwa Flagyl huizidishia warfarini nguvu.

Na mtaalamu wako mmoja aliwahi kumwambia aache kabisa mchicha na kisamvu. Kumbe mboga hizo zina vitamini K hiyohiyo, na kuziacha ghafla nako kunapandisha INR. Anatakiwa ale kiasi kilekile siku zote.

Kwenye mkutano wa hadhara ulituahidi vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vitafika kabla ya Pasaka. Pasaka imepita, Idd imepita. Labda tungeuliza Pasaka ya mwaka gani. Wapo wanaosema mashine ni mbovu. Mimi nahisi ni deni la mzabuni. Hata hivyo bango jipya la "huduma bora" pale getini fedha yake ilipatikana, hongereni.

Nilitaka kuomba na semina kwa zahanati, na kadi za tahadhari kwa wagonjwa. Basi, yaacheni hayo. Naomba kipimo. Hata siku moja kwa wiki, hata kwa kulipia, kipimo tu.

Kliniki yake ni Jumanne. Tutakuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mume wa mgonjwa