Valvu ya tangi la choo garini isizibwe kwa gundi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase mafundi bomba wenzangu wa Kigoma wanaopokea magari ya watalii yenye choo ndani. Maji yanayovuja ukutani wakati tangi la maji machafu linasafishwa mara nyingi hutoka kwenye valvu ya plastiki inayozuia maji kurudi nyuma, ambayo hupata ufa mwembamba usioonekana mpaka koki ifunguliwe. Kuipaka gundi ni kuhatarisha afya za watu, kwa kuwa ndiyo inayokinga maji safi yasichanganyike na kinyesi. Ibadilishwe nzima, meno yake yazungushiwe tepu nyeupe ya mabomba, na ikazwe kwa mkono kwanza, maana spana huipasua. Na mpira wa kusafishia tangi, jamani, usiutumie kamwe kujazia maji ya kunywa.

Fundi bomba,
Ujiji, Kigoma