Shoga, niambie mama yako alimfanyaje yule dume wa bata mzinga

Worcester, Massachusetts
Mei 3

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Baba Salim mzima, baridi imelegea na makoti mazito nimeyafungia sandukuni. Najua kimya changu kimekuudhi. Yale ya arusi ya Mwanaidi nitakujibu kwa barua yake, usidhani nimeyasahau. Leo nina jambo moja linaninyima usingizi, na wa kunishauri ni wewe, maana kwenu Pongwe mlifuga bata mzinga tangu hatujaanza shule.

Jumatatu mwanao Salim kakimbizwa na bata mzinga. Si wa kufugwa, shoga. Wa porini, weusi wanaong'aa kama shaba, miguu mirefu, wanakatiza mtaa wetu na magari yanasimama kuwapisha. Alikuwa anangoja basi la shule. Dume mmoja akamjia mbio, mtoto akageuka kukimbia, na yule ndege akamrukia mgongoni. Vikwaru vyake vimechana begi. Alhamdulillahi ngozi haikuguswa, lakini tangu siku hiyo Salim hatoki mpaka nimshike mkono.

Na kosa ni langu mimi.

Januari niliwaona mara ya kwanza juu ya theluji, watano, wanaparua na hawapati kitu. Nikamwona mama yako kabisa, kasimama uani na ungo wake. Nikawatupia kiganja cha mahindi. Kesho yake wali uliobaki. Kufika Februari walikuwa kumi na wawili, nikifungua mlango tu wanakuja mbio, nami najiona nimepata wageni wa kwetu. Ukikaa huku peke yako mchana kutwa utanielewa. Machi madume wakaanza kuvimba, mikia wazi kama upepeo, vichwa vyekundu na buluu. Wakawa wanadonoa mlango wa gari la Baba Salim, mpaka rangi imebanduka. Gari lenyewe jeusi linang'aa; akijiona humo, dume anadhani ni mwenzake kaja kumtafuta.

Nilimsimulia yule mzee ninayemhudumia. Kawinda bata mzinga zaidi ya miaka arobaini, sasa miguu haimbebi, siku zote yuko dirishani. Hakucheka. Akaniuliza, "Ukiwamwagia chakula, wewe unafanya nini?" Nikamwambia narudi nyuma wale kwa raha. Akasema basi hapo ndipo ulipowafundisha. Hawa ndege wanaishi kwa vyeo, kila mmoja anajua nani yuko juu yake na nani chini. Anayerudi nyuma ni mdogo. Wakishamzoea binadamu humpanga naye humo humo, na mtoto ndiye wa chini kuliko wote.

Ajabu ni kwamba ndege huyo huyo porini humpati. Mpwa wa mzee ana kibali, msimu umefunguliwa mwishoni mwa Aprili, na mara tatu amerudi mikono mitupu. Inabidi aingie msituni usiku, akae kaegemea mti mpana kuliko mabega yake, kajifunika mpaka uso na mikono, na asijikune. Macho ya bata mzinga yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote na rangi anazijua. Alfajiri dume anawika akiwa bado juu ya mti alikolala. Mwindaji anajibu kwa sauti ya jike. Mzee ananionyesha: ana kisanduku cha mbao na kifuniko chake, akikisugua kinatoa sauti ile ile tuliyokuwa tukiisikia kwenu nyuma ya jiko, wallahi nilisisimka. Lakini kwa desturi yao dume akiwika, jike ndiye humfuata. Kwa hiyo dume husimama mbali, hapiti hatua, anangoja huyo bibi ajitokeze. Asipomwona anaondoka kimya. Na pale wanapowindwa sana, mzee anasema, hata kuwika wanapunguza.

Aliniambia pia kwamba mwindaji hathubutu kuvaa nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume na mwindaji mwenzake anaweza kumlenga. Majira haya huruhusiwi kuua ila mwenye ndevu, lile fungu la manyoya kama singa linaloning'inia kifuani.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mzee alipokuwa mtoto hakukuwa na bata mzinga hata mmoja katika jimbo hili. Walikatiwa misitu, wakawindwa, mpaka 1851 wa mwisho akaisha. Watu walijaribu kuwarudisha kwa kuachia wale waliokuzwa mabandani, wakafa, hawakujua kujitafutia wala kujificha. Ndipo 1972 na 1973 wakaletwa 37 wa porini kabisa kutoka New York, wakaachiwa milima ya Berkshire, humu humu jimboni. Thelathini na saba tu, shoga! Leo wamepita 30,000. Mzee anakumbuka siku aliyosikia dume anawika kwa mara ya kwanza katika kilima cha nyuma ya kwao, alikuwa mtu mzima, na akakaa chini.

Sasa huku dume akishakuwa mkali hivi hahamishwi, maana atapeleka ukali wake kwa wengine. Akizidi, anauawa. Ndege aliyeponea chupuchupu hivyo, afe kwa ajili ya kiganja changu cha mahindi? Hilo ndilo linalonizungusha usiku.

Kwa hiyo nimeacha kulisha. Jirani naye nimemwendea nikamwomba avue vile vya kulishia ndege vilivyoning'inizwa mtini, kakubali. Kila asubuhi natoka na ufagio na mpira wa maji, napiga sufuria, nawaendea mimi, sirudi nyuma. Majike wanakimbia. Yule dume anasimama, ananitazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Jana alisogea hatua tatu, nikamwaga maji, akaondoka polepole. Nilirudi ndani nikalia, maana Januari huyo huyo nilimwita kwa mkono.

Salim nataka nimfundishe asikimbie, asimame, ajinyooshe, apige kelele. Lakini ana miaka saba.

Sasa niambie. Yule dume wenu aliyekuangusha kisimani, mama alimfanyaje mpaka akawa anakupisha? Nakumbuka kitu kama alimkandamiza chini kwa mkono, au nimeota? Ilichukua siku ngapi? Walisahau, au kila mwaka ukali ulirudi? Na wewe woga ulikutoka vipi, mama alikwambia nini usiku ule? Muulize mwenyewe kama bado anakumbuka, umrekodi kwa sauti yake, nimsikilizishe Salim kabla hajalala.

Usichelewe kunijibu.

Wako,
Mama Salim