Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wananchi waelezwe majaribio ya dawa kabla ya kuombwa kushiriki

Mheshimiwa Waziri,

KUH: TANGAZO LA KISWAHILI KWA KILA JARIBIO LA DAWA NA CHANJO LA VYUO VIKUU

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni wauguzi wa utafiti, wafamasia na watakwimu wa majaribio ya dawa na chanjo hapa Tanzania. Tunaomba jambo moja: Wizara iagize kwamba hakuna jaribio litakaloandikisha mshiriki wa kwanza kabla halijatangazwa, siku 60 mapema, kwa Kiswahili cha kawaida, katika kurasa zisizozidi mbili, mahali ambapo watu watakaoombwa kushiriki wataweza kulisoma, kulisikia na kuliulizia. NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), inayotoa kibali cha maadili, na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), inayotoa kibali cha dawa, zote mbili ziko chini ya Wizara yako. Sharti hili linaweza kuandikwa ndani ya vibali hivyo hivyo.

Kwa sasa jaribio la chuo kikuu, liwe la Muhimbili, la KCMC kule Moshi au la Bugando, hupita mikono mingi kabla halijaanza. Andiko la utafiti husomwa na kamati ya maadili ya chuo, kisha na kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kama linahusu dawa au chanjo, TMDA nayo hulichambua. Halafu barua hushuka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya. Miezi hupita, na katika miezi yote hiyo asiyejua kitu ni yule atakayedungwa sindano.

Yeye hukutana na habari siku anapoketi mbele ya muuguzi mwenye fomu ya ridhaa. Fomu iko kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, akaweka dole gumba, na nakala huondoka nayo. Yote hayo ni mema. Lakini mama aliyekuja kliniki kumpima mtoto uzito hawezi kuamua jambo zito kama hilo kwa nusu saa, peke yake. Baba wa mtoto hajasikia, bibi hajasikia, mwenyekiti wa mtaa hajasikia. Jioni mtoto akirudi na plasta mkononi, kila mmoja anajaza pengo kwa anachokijua, na huku pwani tangu enzi za mababu pengo la namna hiyo hujazwa na mumiani. Uvumi huo ukishasambaa, gari la matangazo haliuzimi.

Tunapendekeza tangazo lianze na kile ambacho madaktari hawakijui. Hapa ndipo maelezo mengi hukwepa, kwa hofu kwamba wananchi wakisikia daktari hajui watakimbia. Ukweli ni kwamba kama jibu lingejulikana, jaribio lisingekuwa na haki ya kufanyika. Chukua jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, katika hospitali ya Teule. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo dhaifu. Je, apewe dripu nyingi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza, au apewe maji taratibu kwa kiwango cha kawaida? Katika hospitali za nchi tajiri dripu ya haraka ilikuwa ndiyo tiba, na wengi waliamini kwamba watoto wetu wanakosa tu vifaa. Watoto 3,141 waliandikishwa na kugawanywa kwa kura. Wote walitibiwa maradhi yao. Kilichotofautiana ni dripu. Waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, 10.6, na wale ambao hawakupewa dripu ya haraka, 7.3. Mwanzoni mwa 2011 kamati huru ya usalama ilishauri uandikishaji usimame, kabla idadi iliyokusudiwa ya watoto 3,600 haijatimia.

Tiba ambayo ingesambazwa kwa nia njema ingeua watoto watatu zaidi katika kila mia. Hakuna daktari mmoja, hata awe hodari vipi, ambaye angeligundua hilo kwa kutazama wodi yake, kwa sababu watoto wagonjwa kiasi hicho hufariki hata wanapotibiwa vizuri. Kundi la kulinganishia ndilo lililoonyesha tofauti. (Mzazi anayesoma hapa asikatae dripu kwa mtoto anayeharisha: watoto waliokuwa wakiharisha na kuishiwa maji hawakuwa katika utafiti ule, na wao wanahitaji maji haraka.)

Jambo la pili la kusemwa waziwazi ni kura. Mshiriki hachagui kundi, daktari hachagui, na mara nyingi wote wawili hawajui. Mfamasia huandaa sindano kwenye chumba kilichofungwa, huizungushia utepe usioonyesha ndani ili rangi ya dawa isionekane, ndipo humkabidhi muuguzi. Ikitokea dharura na daktari anahitaji kujua mgonjwa alipewa nini, upo utaratibu wa kufungua siri ya mtu huyo mmoja saa yoyote, usiku au mchana. Tangazo liseme namba ya kupiga.

Liseme pia kundi la pili litapewa nini hasa. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya R21, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford kwa watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, ambapo kituo chetu kilikuwa Bagamoyo, watoto wawili kati ya kila watatu walipata R21, na wa tatu alipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa kundi la kulinganishia aliondoka na kinga ya ugonjwa mwingine. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza R21. Kwenye majaribio mengine kundi la pili hupewa maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa ndani. Mzazi ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo kabla hajapanda daladala.

Na liseme bila kupindisha maneno kwamba dawa inayojaribiwa inaweza isifanye kazi. Jaribio la PrEPVacc la chanjo za VVU liliandikisha watu 1,512 wa umri wa miaka 18 hadi 40 kutoka Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, kuanzia Desemba 2020. Novemba 2023 utoaji wa chanjo ulisimamishwa baada ya kamati huru kuona kwamba hakuna matumaini ya kupata kinga. Anayeambiwa "chanjo imekuja" hapo atajihisi amedanganywa. Anayeambiwa "tunauliza kama inafanya kazi" amepata jibu la swali lake.

Tunaomba damu ipewe aya yake, isitajwe kwa "kiasi kidogo". Kila tangazo litaje mililita kwa kila hudhurio na jumla yake kwa jaribio zima, na litafsiri kwa vijiko: kijiko cha chai ni mililita 5. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Anayechangia Damu Salama hutoa kama mililita 450 kwa mara moja. Kwa watoto kipimo kinachotumiwa sana na kamati za maadili ni kutozidi mililita 3 kwa kila kilo ya uzito ndani ya wiki 8, na jumla isivuke mililita 50. Mtoto wa kilo 10 basi asitolewe zaidi ya mililita 30, vijiko sita vya chai, katika miezi miwili. Mama akiona vichupa vinne mezani hushtuka, na ana sababu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa nini ni vinne. Chenye kifuniko cha zambarau kina kemikali ya kuzuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe. Chenye kifuniko chekundu huachwa damu igande, ikazungushwa kwenye mashine, na majimaji ya juu yakapimwa hali ya figo na ini. Damu iliyoganda haiwezi kuhesabiwa chembe, ndiyo maana kichupa kimoja hakitoshi. Kama sampuli itahifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, au itasafirishwa nje ya nchi, andika inakwenda wapi, kupimwa nini, na itakaa miaka mingapi.

Majaribio huharibika pia kwa ukimya wa washiriki, na hili linatugusa sisi wa kazi hii kuliko yote. Jaribio la FEM-PrEP liliandikisha wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania kuangalia kama kidonge cha kila siku kinazuia VVU. Walipoulizwa, karibu wote walisema wanakimeza. Damu ilionyesha kuwa chini ya asilimia 40 ya waliopewa dawa ndio waliokuwa na dalili ya kuimeza siku za karibuni. Jaribio likasimamishwa 2011 bila kuonyesha kinga yoyote, kumbe dawa ile ile imewakinga watu wengine wanaoimeza. Mwanamke anayekutwa na kopo la vidonge vinavyofanana na vya ARV ndani ya nyumba anaonekana tayari ameambukizwa. Kama mtaa mzima ungekuwa umesikia mapema vidonge vile ni vya nini, kopo lingekuwa na mahali pa kukaa.

Kuna jingine ambalo watu wengi hawalijui. Aliyepewa chanjo ya majaribio ya VVU anaweza kuonekana ana virusi kwenye kipimo cha kawaida cha kidole ilhali hana, kwa sababu kipimo hicho kinatafuta askari wa mwili na chanjo imewazalisha. Mtu huyo akipimwa kliniki ya wajawazito, au kwa ajili ya kazi, anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji au kuvunjiwa ndoa. Anapaswa kupewa kadi ya mshiriki na mahali pa kupimwa virusi vyenyewe, hata miaka kadhaa baada ya jaribio kufungwa. Waganga wa zahanati za jirani wapewe taarifa hiyo kwa maandishi. Tukisema wazi, hili lisiachwe kwa hiari ya watafiti.

Kuhusu fedha, tangazo litaje nauli na fidia ya muda kwa shilingi, na lieleze kwamba si mshahara. Kiwango kikiwa kikubwa mno mtu huficha ugonjwa wake ili apokelewe, au hujiandikisha kwenye majaribio mawili kwa wakati mmoja, na dawa mbili ngeni ndani ya mwili mmoja ni hatari ambayo daktari hataijua. Litaje jina la bima ya jaribio na nani atalipa matibabu ya mshiriki aliyedhurika. Madhara makubwa, yaani kifo, hatari ya kifo, kulazwa, ulemavu au mtoto kuzaliwa na kasoro, mtafiti humwarifu mfadhili mara moja, kwa kawaida ndani ya saa 24. Yale ya kuua au kutishia maisha, yasiyotarajiwa na yanayodhaniwa yametokana na dawa, mfadhili huyafikisha kwa mamlaka ndani ya siku 7. Kujitoa ni wakati wowote, bila kutoa sababu, na bila kunyimwa huduma ya kawaida. Anayejitoa ghafla katikati ya dozi aje apimwe kwanza, kwani zipo dawa zisizofaa kukatwa siku moja.

Mwishoni tangazo liahidi tarehe ya kurudisha majibu. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linataka matokeo makuu yawekwe kwenye daftari la wazi la majaribio ndani ya miezi 12 baada ya jaribio kukamilika. Daftari la Afrika, lililoko Cape Town, linasomeka kwa Kiingereza. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ukisomwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa ule ule tangazo lilikobandikwa, uwe sehemu ya kibali.

Utekelezaji wake hauhitaji fedha nyingi. Karatasi ya A4, herufi zinazosomeka na mwenye macho ya uzee. Ibandikwe kwenye zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa, shule na nyumba za ibada. Isomwe kwenye redio ya eneo hilo angalau mara mbili, saa ya jioni, na mtafiti mkuu abaki studio kujibu simu. Kabla ya kubandikwa, watu kumi wasio wa fani ya afya waisome na waulizwe maswali matano: kinajaribiwa nini, nani anachagua kundi, damu kiasi gani, nikitaka kutoka nifanye nini, nikidhurika nimpigie nani. Wanne wakishindwa swali lolote, karatasi iandikwe upya. Gharama iingizwe kwenye bajeti ya jaribio tangu andiko la kwanza, kama inavyoingizwa bima.

Tunaomba Wizara ianze na majaribio ya vyuo vikuu ambayo bado hayajapata kibali, na itoe kielelezo kimoja cha tangazo kitakachotumiwa na vyuo vyote. Tuko tayari kukiandika na kukijaribu kwa wananchi, bila malipo, wakati wowote tutakapoitwa.

Wako katika kazi,

Wauguzi wa utafiti, wafamasia na watakwimu wa majaribio ya dawa

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, NIMR
Mkurugenzi Mkuu, TMDA
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya afya