Nimesikiliza ya Sita

Njoro, Moshi
Julai, baridi tupu

Mwanangu Frank,

Vipi, mzima? Huku wote wazima. Mama anakusalimu, mbuzi wa mama Manka amezaa mapacha, na Kibo sijaiona siku tisa sasa, mawingu yamelala mpaka kwenye migomba. Habari ndizo hizo. Barua hii nampa Shirima, anashuka Dar kesho, maana simu hupokei na mimi nimechoka kusikiliza yule dada anayesema mteja hapatikani.

Mwezi wa tano ulinitumia linki ya albamu ya Jungle, ile bendi ya London, bila hata "mambo", chini yake umeandika "Sikiliza ya sita." Basi. Nikajua umelewa. Nisamehe kwa kutojibu: simu ilidumbukia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, na mimi fundi mzima nikashindwa kuifufua. Nimekaa miezi miwili kimya kama mtu anayekwepa madeni. (Nakwepa pia, ila si yako.)

Wiki iliyopita mteja kaniletea sabufa, inakwaruza. Nikaifungua, nikabadilisha waya, nikachomelea upya, sasa nikataka wimbo wenye besi ya maana wa kuijaribia. Ndipo nikakumbuka linki yako. Nikaanza ya kwanza, nikaenda mpaka ya kumi na nne. Frank, nimekaa na sabufa ya watu siku nne. Mwenyewe kaja mara mbili, namwambia bado naipima.

Kwanza hilo jina. Mtu anaishi chini ya Kilimanjaro, katika mji unaoitwa Moshi, unamtumia albamu inayoitwa Volcano! Ulifanya makusudi? Watu wa Arusha wangekuelewa vibaya zaidi. Meru wao ulilipuka mara ya mwisho 1910 wakausahau, halafu 2007 Lengai ikawatikisa wakakumbuka Mungu yupo.

Halafu naambiwa huu ni muziki wa kiangazi. Kiangazi cha nani? Ilitoka Agosti 2023. Agosti ya London watu wako na kaptula, Agosti yangu mimi nina koti la mtumba la Memorial na soksi mbili mguu mmoja. Nilikuwa nimejikunyata juu ya jiko la mkaa nilipoiwasha. Nyimbo zake fupi, moja haijakaa sawa nyingine imeshaingia, makofi yanapigwa, besi inatembea kama mtu aliyepokea mshahara. Nilipofika ya nne au ya tano nikaona koti liko kwenye msumari. Sikumbuki nililivua saa ngapi.

Kilichonimaliza ni sauti. Unakumbuka mwaka ule wasichana wa alto walipokwenda bweni, mwalimu wa kwaya akatupandisha mimi na wewe? Tulivyokuwa tunaibana ile sauti nyembamba, mama zetu wamejificha nyuma ya vitabu vya nyimbo wanacheka mpaka machozi. Hawa Jungle ndivyo wanavyoimba albamu nzima! Mwanaume anapanda juu kabisa, anapandiwa na mwingine, anakuja yule dada Lydia Kitto, mwisho hujui nani ni nani. Na ndiyo asili yake, soul ilitoka kanisani kwa watu weusi wa Marekani kabla haijavaa viatu vya dansi. Hawa waanzilishi wawili, Josh Lloyd-Watson na Tom McFarland, ni Wazungu, wamekopa. Lakini kuna mtu anakopa sufuria anairudisha na masizi, na kuna anayeisugua kwanza. Hawa wamesugua.

Sikusifii bure lakini. Kuanzia ya kumi nyimbo zinaanza kufanana kama nyumba za Msajili, unaweza kuingia ya jirani ukavua viatu. Na yule rapa Roots Manuva alipoingia kwenye ya saba na koo lake lile, nikaizima haraka nikafungua tena sabufa. Nilidhani ugonjwa umerudi.

Sasa hiyo ya sita, "Back on 74".

Nimeirudia mpaka mama Manka kaniuliza kama nimeokoka au nimeachwa. Video nimeionea kwa simu ya Happy, wale wachezaji wanavyoteleza sakafuni kama wamepakwa mafuta. Watoto wa hapa Njoro wanaijua yote, ni mimi peke yangu nilikuwa gizani. Inachezeka, inachekesha mwili, ndiyo. Ila maneno, Frank. Hiyo 74 wanaiimba kama mtaa wa utotoni, mtu anarudi alikolelewa. Na nasikia hao jamaa wawili walikuwa majirani tangu wadogo, huko Shepherd's Bush. Kama sisi na ule ukuta wa michongoma. Nikakaa na kisu cha waya mkononi nikajiuliza, hivi huyu alikuwa ananitumia wimbo au alikuwa ananiambia kitu?

Kwa sababu Krismasi tatu sasa hujapanda. Magari ya Desemba yanashuka pale stendi, Wachaga wote wa dunia wanateremka na mabegi, mama ananiuliza "Frank yupo kwenye lipi?" Mara ya tatu hakuuliza.

Happy sendofu yake ni Desemba, baada tu ya Krismasi. Unajua, ulikuwa kwenye grupu kabla hujajitoa saa saba usiku bila kuaga. Kamati imenipa muziki. Baba mkubwa ni mwenyekiti, anataka zilipendwa tangu mlangoni mpaka keki, na mama mchungaji anataka kwaya, mimi nimekaa katikati kama nyama ya sambusa. Nimewaambia zilipendwa nakubali wakati wa chakula, kwaya nakubali wakati wa maombi, ila bibi harusi anaingia na ya sita. Baba mkubwa akauliza ni ya kabila gani hiyo. Nikaiwasha kwenye ile sabufa. Hakusema kitu, lakini Frank, nimeuona mguu wake chini ya meza.

Na Happy amesema hataki kuingizwa na baba mkubwa wala na mimi. Amesema, "Mwambie kaka ndiye aniingize." Kasema hivyohivyo, akaendelea kumenya ndizi.

Ya kihamba, lile shamba la ukoo, najua, sitaki kuyafukua. Ila ule mpaka wa chini, mzee Lyimo alishasema mbele ya watu kwamba… basi, tuache, utakuja usikie mwenyewe. Isale, ile mimea ya mpaka, ni zilezile, hakuna aliyezigusa. Mimi napita pale kila Jumapili naangalia.

Uzuri wake Desemba ndiyo kiangazi chetu. Jua litakuwepo, mlima utakuwa wazi, huo muziki utapata hali ya hewa yake kwa mara ya kwanza tangu uje Moshi.

Kwa hiyo nijibu, mpe Shirima, anarudi Alhamisi. Umeomba likizo? Tiketi unakata lini, au unasubiri mpaka iwe bei ya ng'ombe kama mwaka ule? Goti limepona au bado unachechemea, maana ile staili inataka magoti? Kiuno chako sasa ni namba ngapi, fundi wa suti anauliza na mimi nimemwambia thelathini na nne, nimedanganya? Bado unaweza kuimba alto? Na ule usiku wa mwezi wa tano, ulikuwa umelewa kweli?

Mwenye sabufa huyo anakuja, namwona anavuka barabara. Leo hana sura ya kudanganyika.

Wako,
Baraka