YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNZO YA WAKUFUNZI WA NDANI WA MFUMO WA MANUNUZI NA STOO

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba unawataka muwaandae wakufunzi wa ndani watakaowafundisha wenzao wa stoo, manunuzi na uhasibu kabla mfumo haujaanza kazi. Ninyi mmewafundisha kuutumia tu. Kufundisha ni kazi nyingine, na ndiyo tuliyoilipia.

Kubwa zaidi ni mazingira ya mazoezi. Mliweka LPO (hati ya kuagiza mali) moja kwa darasa zima. LPO ikishapokelewa yote inajifunga, kwa hiyo wa kwanza akimaliza, wa pili anaambiwa hakuna kilichobaki cha kupokea. Darasa la watu 10 linahitaji LPO 20: kila mtu na yake, pamoja na ya akiba akikosea, maana hapo ndipo mahali pa kukosea. Tena mwezi wa kihesabu katika nakala ya mfumo ya kufanyia mazoezi ulikuwa umefungwa, GRN (hati ya kupokea mali) iliyo sahihi nayo ikakataliwa. VAT mliiacha kwenye asilimia 20 ya Uingereza, wakati kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni 18; ankara za mfano hazikuoana na hesabu ya mfumo.

Wakufunzi wote mliwapa akaunti za msimamizi wa mfumo. Wanaandaa LPO na kuiidhinisha wenyewe, jambo ambalo afisa manunuzi haruhusiwi. Hivyo hawajaona skrini anayoiona mwanafunzi wao: vitufe visivyotokea, LPO iliyokwama ikisubiri idhini ya mkuu wa idara. Maswali mengi ya darasani huanzia hapo hapo.

Kitabu cha mazoezi nacho kinapita njia iliyonyooka tu. Hakuna zoezi la vipimo. LPO ni ya katoni 10 zenye chupa 24. Mpokeaji anahesabu chupa, anaingiza 240 bila kubadili kipimo kutoka katoni kwenda chupa. Kama mfumo umeachwa uruhusu kupokea zaidi ya kilichoagizwa, stoo inasomeka chupa 5,760 badala ya 240. Mkufunzi asiyejua kuibatilisha GRN ya namna hiyo atamwambia mwenzake "iache", na kosa litaibuka wakati wa kuhesabu mali.

Awamu ya mwisho ya malipo tumeisimamisha hadi mrekebishe nakala ya mazoezi, muweke namna ya kuirudisha ilivyokuwa kila darasa linapoisha, na mtoe akaunti zenye ruhusa za vyeo halisi. Kisha tunadai siku mbili za kufundisha kwa zamu: kila mkufunzi dakika 20, somo moja, wenzake wakikosea makusudi, na mtaalamu wenu akae nyuma bila kugusa kipanya. Slaidi msilete, tunazo za kutosha.

Tunaomba ratiba kwa maandishi ndani ya siku 7 za kazi.

Mkuu wa Kitengo cha Mafunzo
Nakala: Idara ya Manunuzi, Mwanasheria wa Kampuni