Tovuti nzuri isiyoonekana inamfaa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagharimu wenye biashara ndogo, shule na hata ofisi za umma, nalo ni desturi ya kutengeneza tovuti kwanza ili ipendeze macho, kisha miezi kadhaa baadaye kumtafuta mtu mwingine wa "kuiingiza Google". Mimi ni fundi wa tovuti, na ninayoyalaumu hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mama mmoja tovuti ya nyumba yake ya kulala wageni huko Lushoto. Niliweka video ya ukungu ukipanda mlimani, ikijaza kioo chote cha simu, na picha tisa nilizozitoa kwenye kamera bila kuzipunguza, kila moja ikiwa na megabaiti tano hivi. Bei za vyumba nilizipanga kwenye bango la kijani nililolihifadhi kama picha, kwa sababu nilizipenda mno herufi zake. Baada ya miezi mitatu mama akanipigia simu: "Mwanangu, mbona wageni hawatuoni? Mjukuu wangu ameandika 'gesti Lushoto', wametokea wenzetu wote, sisi hatumo." Nilipopanda kwenda kumwona tuliketi barazani, akaifungua tovuti kwa simu yake mwenyewe. Kigurudumu kilizunguka, chai ikapoa, video haijaonekana. "Na bando ndilo linakwisha hivyo," akasema, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba injini ya utafutaji haina macho ya kusifu ukungu. Roboti wa Google, yaani programu inayoitwa Googlebot, huufikia ukurasa kwa kufuata viungo vya kutoka kurasa nyingine, husoma maandishi yake, kichwa chake na maelezo yaliyoambatanishwa na picha, na kwa hayo ndipo Google inapoamua ukurasa huo unahusu nini na unamfaa nani. Bango langu la bei lilikuwa halina hata neno moja la kusomwa kwa uhakika, na Google yenyewe inashauri maneno ya muhimu yasifungiwe ndani ya picha. Kwa hiyo katika ukurasa ule wote, ukiondoa jina la nyumba na namba ya simu, nilikuwa sijaandika chochote.

Kosa la pili lilizaliwa na aibu ya lile la kwanza. Nilirudi nyumbani nikaandika chini ya ukurasa "gesti Lushoto, gesti nzuri Lushoto, gesti nafuu Lushoto" mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili roboti asome na mgeni asione. Ujanja wa aina hiyo ni wa zamani na wakubwa wameponzwa nao. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya Kijerumani ya BMW katika matokeo yake, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa imeweka kurasa zilizojazwa maneno ya kuuza magari yaliyotumika ili roboti azisome, ilhali mtu akibofya alihamishiwa papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha za kupendeza na maneno machache. Tovuti ilirejeshwa baada ya siku chache, kurasa zile zikiwa zimeondolewa. Kampuni yenye jina kama hilo hukumbukwa haraka. Gesti ya vyumba vichache nani angeikumbuka? Nikayafuta maneno yale kabla hayajaleta balaa.

Dawa ilitoka kwa mama mwenyewe. Nilimuuliza wageni wakipiga simu huuliza nini, akanitajia bila kufikiri: maji ya moto yapo, kutoka stendi ni mbali, gari dogo linafika wakati wa mvua, bei ni pamoja na chai ya asubuhi au chai ni juu ya mgeni? Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa vichwa vya ukurasa mpya, kila kimoja na majibu yake ya sentensi mbili tatu, na yakanisaidia hata katika usanifu, kwa maana nilijua kipi kitangulie na kipi kisubiri chini. Video niliiondoa, nikabakiza picha moja ya ukungu. Picha zote tisa nilizipunguza hadi kilobaiti 150 hivi kila moja, yaani kutoka megabaiti 45 kwa jumla hadi chini ya moja na nusu, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa zimechakaa. Bango la kijani lilibaki na rangi yake, ila bei sasa ni maandishi.

Kuna wasanifu wenzangu watakaosema kwamba kumtii roboti ni kuua sanaa. Nawaelewa, lakini vipimo vyenyewe vinavyotumiwa leo vinapima kero za binadamu. Google inapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, kama picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, kwamba mtu akigusa kitu ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde, kipimo kilichoanza kutumika rasmi Machi 2024, na kwamba vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, ile adha ya kutaka kubonyeza "piga simu" na ghafla tangazo likashuka chini ya kidole chako. Aidha, tangu mpango uliotangazwa mwaka 2016 na kukamilishwa mwaka 2023, Google huzipima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, hivyo msanifu anayefuta nusu ya maelezo ili ukurasa wa simu uwe "safi" anayafuta pia machoni pa Google. Hata hivyo nisitiwe maneno mdomoni: kasi peke yake haiuinui ukurasa usio na jibu la kile kilichotafutwa.

Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili lipo jambo jingine. Tovuti nyingi huwa na orodha ya kurasa kwa Kiingereza, kichwa kwa Kiingereza, kisha aya mbili za Kiswahili katikati, na Google huitambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana. Mteja anayetafuta "ada ya shule ya bweni" hatasaidiwa na ukurasa ambao neno "ada" halimo. Tuandike maneno ambayo watu huyasema: mmoja atatafuta gesti, mwingine loji, mwingine nyumba ya kulala wageni, na yote matatu yanaweza kuingia katika maelezo kwa njia ya kawaida bila kuyarudia kama kasuku.

Mafundi wengine hutangaza, hata magazetini, kwamba watamfikisha mteja nafasi ya kwanza Google. Google yenyewe imeeleza kuwa hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Wengine hulipisha kazi ya kuingiza orodha ya "maneno muhimu" iliyofichwa nyuma ya ukurasa, ilhali Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga matokeo. Anayelipa fundi na aweke katika mkataba kwamba maandishi, uzito wa picha na vichwa vya kurasa ni sehemu ya usanifu, na kabla ya kumaliza malipo aifungue tovuti kwa simu ya kawaida, kwa bando lake, aweke kidole juu ya bei na kujaribu kuinakili. Ikikataa kunakiliwa, huenda amepewa picha.

Jaribio hilo hilo ningeomba lifanywe na ofisi za umma. Tangazo la nafasi za kazi huandikwa kwenye kompyuta, likachapishwa, likasainiwa na kugongwa muhuri, kisha likaskaniwa na kurudishwa kwenye kompyuta likiwa picha iliyoinama kidogo upande wa kushoto, na kijana anayetafuta kazi hiyo hiyo kwa jina la kazi yenyewe huenda asilione. Nakala yenye muhuri na ibaki kwa wanaoihitaji, lakini maneno yake nayo yaandikwe kwenye ukurasa, kwani yalikuwa yamekwisha kuchapwa tangu asubuhi.

Fundi wa tovuti,
Tanga